Namna ya Kuona Ajabu Angani na Kubaki Nalo

Kwanza, umeme ukatike. Mjini, taa za barabarani zikiwaka, hakuna cha kuona, na wengi wetu hukumbuka kwamba kuna anga pale tu feni inapozimika na joto likatutoa nje. Tandika mkeka uani, funika simu ili mwanga wake usikuharibie macho, kisha tazama juu. Baada ya robo saa hivi, macho yakishazoea giza, utaanza kuona nyota ambazo jana hukuziona. Hapo hapo umepata ajabu lako la kwanza. Andika kwenye kundi la mtaa: "Jamani, mbona nyota zimekuwa nyingi hivi leo? Kuna amani kweli?" Watu watatoka nje. Mama wa nyumba ya pili ataikumbuka ndoto aliyoota Jumatatu, na mjumbe ataulizwa serikali inasemaje.

Kuona ajabu, basi, si kazi. Kazi ni kubaki nalo, maana dunia imejaa watu wenye maelezo, na kila ukoo una kijana mmoja aliyesoma fizikia. Jihadhari na kijana huyo. Atakuuliza mambo matano: ilikuwa saa ngapi, upande gani, juu kiasi gani kutoka upeo wa macho, ilidumu muda gani, na kama kulikuwa na sauti. Ukiyajibu yote, huna ajabu tena. Una Zuhura.

Tuanze na sayari hiyo, Zuhura, kwa sababu ndiye mfadhili mkuu wa fani yetu. Ukiacha jua na mwezi, hakuna kitu cha kudumu angani kinachong'aa kumshinda. Hutokea magharibi jua likishazama, au mashariki kabla halijachomoza, na kwa kuwa mzunguko wake uko karibu na jua kuliko wetu, huku kwetu humwoni usiku wa manane. Akiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nene isiyotulia, ukayumba na kupasuka rangi: mara nyekundu, mara kijani, mara buluu. Panda daladala jioni, ukae dirishani. Atakufuata kutoka Ubungo mpaka Kibaha, akipita nyuma ya miti na maghala, wala hataachwa hata dereva akizidisha mwendo. Kitu kilicho mamilioni ya kilomita mbali hakihami kwa sababu wewe umehama kituo, lakini hilo si la kusema mbele ya abiria. Sema: "Kile kitu kinatufuata." Konda mwenyewe atachungulia.

Ukiwa umesimama, mkazie macho mahali penye giza tupu. Baada ya muda ataanza kutembea. Macho ya binadamu hayatulii hata ukiyatuliza, na nukta ya mwanga isiyo na jirani wa kulinganishwa naye huonekana ikisogea. Kosa la wanagenzi wengi ni kusimama karibu na mnazi au nguzo ya umeme. Ukishailinganisha nyota na nguzo, utagundua haijaenda popote, na jioni yako imeharibika. Nenda uwanjani.

Kisha toa simu, uvute picha mpaka mwisho. Kamera ikishindwa kuilenga ile nukta, itaivimbisha iwe duara lenye kingo zinazotetemeka, na ndani yake kivuli kama cha mashine. Hiyo ndiyo picha. Usiirudie kwa kamera yenye miguu mitatu na lenzi ya maana. Watu wenye vifaa vizuri wameua maajabu mengi mno katika nchi hii.

Wala usidhani Zuhura anawapata watu wa vijiweni peke yao. Kati ya Agosti 2012 na Februari 2013 askari wa India walioko mpakani na China, huko juu Ladakh, waliorodhesha mara 329 vyombo visivyojulikana vikielea juu ya ziwa. Ilihisiwa ni ndege zisizo na rubani za jirani, zinazopeleleza. Wataalamu wa fizikia ya anga walipoombwa kuangalia, majasusi walikuwa wawili: mmoja Zuhura, mwingine sayari ya Mushtari. Na Jimmy Carter, kabla hajawa Rais wa Marekani, alijaza fomu rasmi akieleza mwanga aliouona pamoja na wenzake katika mji mdogo wa Leary, Georgia, mwaka 1969. Wako waliochunguza wakasema ni Zuhura, wako waliokataa. Carter hakudai ni wageni wa sayari nyingine. Alisema tu hajui ni nini. Usimuige. Mtu anayesema "sijui" hasambazwi na mtu.

Sasa treni. Hili ni somo la kizazi kipya, wazee hawakuwa nalo. Mei 2019 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 60 za kwanza za mtandao wa Starlink kwa roketi moja, na siku zilizofuata watu wa mabara mbalimbali wakaona taa zimepangana mstari, zinakwenda kimyakimya, hazigongani wala hazikimbizani. Tangu hapo zimekuwa zikirushwa mafungu kwa mafungu. Siku za mwanzo zinabanana, ndiyo maana zinaonekana mabehewa; baadaye hupanda hadi kilomita 550 hivi na kutawanyika. Utaziona baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, kwa sababu wakati huo sisi huku chini tumeshaingia gizani na zenyewe huko juu bado zinapigwa na jua. Katikati ya anga huzima moja baada ya nyingine, kila moja mahali pale pale pa mwenzake: zimeingia kwenye kivuli cha dunia.

Hapo pa kuzima ndipo penye pesa. Watazamaji wote hupiga kelele hapo. Usitaje kivuli cha dunia. Sema kuna mlango umefunguka, zimeingia, umefungwa. Kisha irushe video haraka kabla kijana wa fizikia hajarudi kutoka kazini. Na ukiwa Kenya au Rwanda, ambako huduma ya Starlink inauzwa tangu 2023, upo uwezekano mzuri kwamba video yako ya kuilaani treni ikasafirishwa na behewa la treni hiyo hiyo.

Maputo ya intaneti yalikuwa mazuri pia, ila yametuacha. Julai 2020 mradi wa Loon, ukishirikiana na Telkom Kenya, ulielekeza maputo yapatayo 35 kwenye anga la Kenya, kilomita 20 juu, mahali ambapo jua huyaangaza hata kukiwa kumeingia giza huku chini. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Tumebaki na maputo ya hali ya hewa.

Kwa wanaolala mapema kuna duara la jua. Saa sita mchana unatazama juu, unakuta jua limezungukwa na pete kubwa, nyekundu kwa ndani, anga la katikati limefifia kidogo. Mtaa mzima uko nje na wengine wanalia. Maelezo yake yanakera kwa uhakika wake. Juu sana kuna mawingu membamba ya barafu. Ndiyo, barafu, hata Dar es Salaam ikiwa inachemka kwa nyuzi 33, kwa sababu ukipanda kilomita kadhaa baridi ni ya kugandisha. Vipande vyake vina pembe sita, na mwanga ukipita ndani yake hupinda, mwingi wake kwa nyuzi 22. Ndiyo maana pete hiyo ina ukubwa ule ule kila mara, iwe Mtwara, iwe Mumbai. Ukitaka kuhakikisha, simama mahali ambapo paa limelificha jua, nyoosha mkono, tanua vidole: kidole gumba kikiwa usawa wa jua, cha mwisho kitaangukia karibu kabisa na ukingo wa pete. Jua lenyewe usilikodolee macho, hata kwa ajili ya mwongozo huu.

Mwenye kutaka kubaki na ajabu hapimi kwa vidole. Anatafuta tukio. Pete ikitokea wakati wa uchaguzi, ni ya uchaguzi. Ikitokea mwaka usio na uchaguzi, ni ya mafuriko, ya kifo cha mkubwa fulani, au ya kiama. Mwezi ambao hauna lolote la kuunganisha haujawahi kutokea. Mbinu hii ina umri: Aprili 1561 watu wa Nuremberg, Ujerumani, waliona alfajiri mambo kuzunguka jua, na mchongaji Hans Glaser akachapa karatasi yenye picha ya vita vya mbinguni, ikiwa na misalaba, mapira na mirija, pamoja na nasaha kwamba watu watubu. Wengi wanaoisoma leo wanahisi ni barafu ile ile ya pembe sita. Karatasi ya Glaser bado ipo. Ya aliyesema "ni mawingu tu", kama alikuwapo, haipo. Jifunze hapo.

Kwa wakazi wa Moshi na Arusha nina habari njema zaidi, maana nyie mna kiwanda. Upepo wenye unyevu ukiugonga mlima hupanda, hupoa, unyevu ukawa wingu; ukishuka ng'ambo ya pili hupata joto na wingu likayeyuka. Hewa inapita, wingu linabaki. Matokeo yake ni wingu laini, la mviringo, lenye kingo safi, wakati mwingine matabaka mawili matatu yamelaliana kama sahani za kabatini, limetulia juu ya Kilimanjaro au Meru huku mawingu mengine yote yanakimbia. Likipigwa na jua la asubuhi hung'aa hasa. Mtu aliyeliona kwa mara ya kwanza ana kila sababu ya kusimamisha pikipiki.

Na mlima huo una kesi yake. Februari 1951 ndege ya East African Airways ikitoka Nairobi kwenda Mombasa asubuhi, wafanyakazi wake na abiria waliona kitu cheupe chenye kung'aa kimetulia upande wa Kilimanjaro, wakakitazama kwa darubini, na habari zikafika magazetini. Hao hawakusema wameona wingu. Walisema kitu cha chuma. Ningekuwa wakili wa wingu, ningeuliza upepo ulivuma vipi siku hiyo na jua lilikuwa wapi. Ningekuwa wakili wa chombo, ningesema rubani anayejua mawingu kuliko wewe na mimi hadanganyiki hivihivi. Yeyote anayekuambia kesi hii imekwisha, upande wowote, anakuuzia kitu.

Vitu vinavyoanguka ni somo refu kuliko yote, kwa sababu baadhi vinafika. Wazee wa pwani walikuwa na jibu la kimondo zamani: ni kinga cha moto anachorushiwa shetani anayechungulia habari za mbinguni. Jibu hilo lina faida kwamba linatoa mkosaji. La darasani linasema ni punje, mara nyingi ndogo kama ya mchanga, inayoingia hewani kwa kasi ya kuanzia kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, ikaungua mbali juu ya vichwa vyetu na kwisha kabla hujamaliza kusema "tazama". Ikiwa ni jiwe la kutosha, moto hujaza anga, na mngurumo huja dakika moja au mbili baadaye, kwa kuwa sauti hujikokota wakati mwanga umeshafika. Mwenye mwongozo huu atayafanya hayo matukio mawili: kwanza walipita, kisha wakalipua.

Julai 2011 mawe ya namna hiyo yaliwashukia watu wa Thika, Kenya, mchana kweupe. La Mbozi, mkoani Songwe, ni la daraja jingine kabisa: pande la chuma la tani 16 hivi, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi chuma na iliyobaki karibu yote nikeli. Wenyeji wanalijua tangu enzi, lakini hakuna masimulizi ya siku liliposhuka, maana lilishuka zamani mno. Fikiria hasara hiyo. Kitu kizito kuliko vyote vilivyotufikia huku Tanzania kutoka angani, na hakuna hata mtu mmoja aliyewatumia wenzake ujumbe wa sauti.

Siku hizi lakini si kila kinachoshuka kilitoka mbali. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Haikuumiza mtu. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likaizungushia ulinzi na kusema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, aina ya kitu ambacho kwa kawaida huungua kinaporudi au huangukia mahali pasipo na watu.

Hapa nina ushauri wa dhati, niuchomeke katikati ya mzaha. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema taifa lililorusha chombo cha angani linawajibika kulipa madhara kitakayoleta juu ya ardhi, bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe. Kwa hiyo paa lako likitobolewa na pande la chuma, ukisema ni majini utapewa pole, ukisema ni roketi kuna wa kudaiwa, hata kama itakuchukua miaka kumpata. Piga picha, usikiguse, toa taarifa. Baada ya hapo unaweza kuendelea na majini.

Roketi zinazorudi zina tabia yake pia. Hazina mbio za kimondo: huenda polepole, huvunjika vipande vinavyofuatana na kila kimoja na mkia wake, na zinaweza kudumu dakika nzima au zaidi. Septemba 14, 1994, usiku, anga la kusini mwa Afrika lilikatwa na moto wa aina hiyo. Ilikuwa sehemu ya roketi ya Zenit-2 iliyotumika kurusha setilaiti ya Kirusi, Cosmos 2290. Watu wakaiona kama chombo kizima chenye madirisha, kwa sababu ubongo ukipewa taa tatu gizani hujenga bati la kuziunganisha. Siku mbili baadaye, mchana, watoto wapatao 62 wa Shule ya Ariel iliyoko Ruwa, karibu na Harare, Zimbabwe, wakasema wameona chombo kimetua nyuma ya uwanja wao, na kiumbe mwenye macho makubwa.

Katika kesi hii sipendi kuwacheka watoto. Baadhi yao ni watu wazima sasa na bado wanasema yale yale. Ila moto wa tarehe 14 una jibu, na watoto walikwenda mapumziko tarehe 16 baada ya siku mbili za watu wazima kuzungumza habari za vyombo. Kisha wengine wakahojiwa wakiwa vikundi, mmoja akisikia anachosema mwenzake. Ukitaka kubaki na ajabu, fanya hivyo hivyo: wakusanye mashahidi wako chumba kimoja, na mwenye maneno mengi aanze.

Likikushinda lolote, una hesabu ya mwisho. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 katika mradi wake ulioitwa Blue Book, ukafungwa mwaka 1969. Zilizobaki bila jibu zilikuwa 701. Wewe shika hizo 701, zile 11,917 waachie wenyewe. Akikuambia mtu kwamba "haikujulikana" haina maana ya "walikuwa viumbe", na kwamba huenda aliyeripoti hakutaja hata saa, mwambie ana roho ngumu.

Nakiri kuna jambo moja linaloharibu mwongozo huu wote. Kwa miaka mingi marubani na watazamaji wengine walikuwa wakieleza miali inayochipuka kwenda juu, mbali juu ya mawingu ya radi, wala haikuchukuliwa kwa uzito. Mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliokuwa wakijaribu kamera ya usiku wakainasa kwa bahati. Ni umeme wa kweli, mwekundu, hupasuka kilomita hamsini hadi tisini juu kwa kitambo kidogo sana. Ripoti zile za zamani ziliaminika upya kwa sababu sasa kulikuwa na picha, kitu kinachovumilia maswali. Maswali ya kijana wa fizikia huwaua akina Zuhura wote na kuliacha hai ajabu la kweli. Ndiyo sababu nasema ajabu lenye thamani ni lile ambalo mwenye nalo hakuogopa kuulizwa, na kwa bahati mbaya ya fani yetu, hayo ni machache.

Zoezi la vitendo ni tarehe 2 Agosti 2027. Siku hiyo mwezi utalifunika jua lote, karibu na Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika sita, na giza litaendelea hadi Yemen na pembe ya Somalia. Sisi wa Kenya na Tanzania tutaliona likimegwa tu. Watakaopiga mayowe watapiga, na waliokuwa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kuona jua likibaki pete watawacheka. Miwani maalumu ya kupatwa kwa jua ndiyo itakayokutunzia macho. Ya urembo haifai, wala kioo kilichopakwa masizi. Nunua mapema, kabla wauzaji hawajagundua tarehe.